Shajara ya mradi: cherehani mbili barazani, Ngamiani, Tanga

Jumamosi, 6 Julai 2024

Leo nimeitoa cherehani ya Bibi katika stoo ya nyumba ya Mama, hapa Ngamiani, ambamo imekaa tangu mwaka 2003 chini ya mikeka iliyochakaa na makopo ya rangi. Tulihitaji kuwa watu watatu ili kuipitisha mlangoni, kwa kuwa kichwa chake, miguu yake na gurudumu lake la chini vyote ni chuma cha kusubu, na meza yake ya mbao imevimba pembeni kwa maji ya mvua yaliyokuwa yakivuja kutoka paani. Nimeiweka barazani penye mwanga. Nilipojaribu kulizungusha gurudumu la mkono halikusogea hata kidogo, na kanyagio la chini lilicheza kwa upana wa kidole kimoja kisha likakwama.

Mradi huu una meza mbili. Juu ya meza ya kwanza ipo cherehani hii, Singer 15K ya miguu, ambayo Bibi aliinunua mwaka 1961 kwa fundi aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili ahame, na akaitumia kushonea sare za shule, kanzu na magauni kwa zaidi ya miaka thelathini. Juu ya meza ya pili ipo cherehani ya kielektroniki niliyomnunulia Mama mwaka 2018, yenye skrini ndogo na kitufe cha kuanzia kazi, ambayo ilizimika mwezi Machi mwaka huu umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na haijawaka tena. Riziki yangu inatokana na kutengeneza redio, vikuza sauti na vifaa vingine vya umeme, kwa hiyo mimi si mgeni wa bodi za saketi wala si adui wake. Nakusudia kuzifufua zote mbili na kuandika kila hatua, ili nijue kwa ushahidi wa mikono yangu ni kitu gani hasa ninachokikosa ninapoviona vyombo vya zamani, kwani nimechoka kusikia, na kusema mwenyewe, kwamba vya zamani vilikuwa bora bila kueleza ubora wenyewe ulikaa wapi.

Jumapili, 7 Julai

Nimepiga picha pande zote kabla ya kufungua parafujo hata moja. Namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia, inaanza na herufi EJ, na hiyo inaipeleka kwenye kiwanda cha Clydebank, Uskoti, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950. Herufi K inayofuata 15 ni ya Kilbowie, mahali kilipojengwa kiwanda hicho, ambacho kilianza kazi miaka ya 1880 na ambacho mwaka 1913 kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja. Kilifungwa mwaka 1980. Kituo cha treni kilichokuwa kikiwashusha wafanyakazi wake bado kinaitwa Singer hadi leo.

Kwa hiyo kiwanda kilichoizaa cherehani hii kimefungwa kwa miaka 44, na hakuna fundi wake ninayeweza kumwandikia barua ya kuomba msaada. Naliweka jambo hili hapa mapema kwa sababu nitalirudia nitakapofika kwenye meza ya pili.

Jumamosi, 13 Julai

Nilitarajia kukuta kutu, nikakuta mafuta. Nimefungua bamba la uso upande wa kushoto, kifuniko cha duara kilicho nyuma ya mkono, na bamba la kutelezesha lililo juu ya kasha la bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), kisha nikakilaza kichwa chali juu ya gunia. Kutu ipo, lakini ni ya juu juu, kwenye mguu wa kubana kitambaa na kwenye vichwa vya parafujo ambavyo hewa ya chumvi ya Tanga imevila kidogo. Kilichoifunga cherehani ni utando mgumu wa rangi ya asali uliogandamana kwenye kila kiungo, kuanzia shafti ya juu hadi kwenye ndoano inayozungusha uzi chini.

Mama amenieleza chanzo chake. Katika miaka ya mwisho, mafuta ya cherehani yalipokosekana nyumbani, mtu mmoja wa ukoo wetu aliitilia mafuta ya alizeti kutoka jikoni. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani hushika oksijeni, hukauka na kugeuka kuwa kitu kinachofanana na vanishi, wakati mafuta ya cherehani, ambayo hutokana na mafuta ghafi na kusafishwa hadi yawe meupe na mepesi, hubaki majimaji kwa miaka mingi. Aliyefanya hivyo aliipenda cherehani; alitaka isilie kwa ukavu. Lakini mapenzi hayo yalimkausha mnyama wa watu kila alipokuwa na kiungo.

Dawa yake ni mafuta ya taa na subira. Nimechukua bomba la sindano bila sindano yake, nikadondosha mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta na kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma, nikasubiri nusu saa, nikadondosha tena, kisha nikasugua kwa mswaki wa zamani na vijiti vya bambu nilivyovichonga ncha. Kazi hii niliifanya nje, mbali na jiko, na naomba kila atakayeiiga afanye vivyo hivyo. Sikutumia spiriti, ingawa ingeyeyusha uchafu kwa haraka, kwa sababu nakshi za dhahabu zilizo juu ya rangi nyeusi zimefunikwa kwa tabaka la sheleki (vanishi ya asili), na sheleki huyeyuka katika spiriti. Nimewahi kuona cherehani nzuri iliyofutwa maua yake yote kwa adhuhuri moja na mtu aliyedhani anaisafisha.

Hadi jioni gurudumu lilikuwa halijasogea. Nilizuia mkono wangu usitumie koleo. Chuma cha kusubu hakipindi kikilazimishwa, huvunjika, na mkono wa kuvuta uzi ukivunjika safari yote inaishia hapo.

Jumapili, 14 Julai

Saa nne asubuhi gurudumu limezunguka.

Lilianza kwa robo ya mzunguko kwenda na kurudi, likitoa matope ya kahawia kwenye viungo, kisha nusu, kisha mzunguko mzima. Mama alikuwa akichambua mchele pembeni, na aliposikia mlio ule wa kwanza, ambao ni kama mtu anayegonga kijiko taratibu kwenye sufuria iliyojaa, aliuacha ungo wake akasimama.

Nimekaa saa nzima nikizungusha kwa mkono na kutazama kupitia tundu la nyuma. Shafti moja inapita ndani ya mkono wa cherehani kutoka gurudumu hadi usoni. Mwishoni mwake upande wa kushoto kuna kipande kinachoushusha na kuupandisha mti wa sindano, na hapo hapo unategemea mkono wa kuvuta uzi. Karibu na gurudumu, shafti hiyo hiyo ina mkunjo unaoshika fito ndefu inayoteremka ndani ya nguzo hadi chini ya kitako, na fito hiyo ndiyo inayoitikisa shafti ya chini iende na kurudi, ikiibeba ndoano katika nusu duara yake. Fito nyingine, yenye uma, inasukuma meno ya kupitisha kitambaa. Hakuna kitu kingine. Mtoto wa darasa la sita akionyeshwa mara moja anaweza kuufuata mwendo mzima kwa kidole, kutoka kwenye unyayo wa anayekanyaga hadi kwenye fundo la uzi, bila kukutana na mahali pa kuambiwa "hapa amini tu".

Jumamosi, 20 Julai

Meza ya pili. Kuifungua cherehani ya kielektroniki kumenichukua muda mrefu kuliko kuifungua ya Bibi, kwa kuwa ganda lake la plastiki limeshikana kwa kulabu zilizofichwa, na kulabu mbili zilikatika ingawa nilitumia kipande chembamba cha plastiki na uangalifu wote nilio nao.

Ndani kuna mambo ya kuheshimiwa, na nitayaandika kabla ya lawama. Mti wa sindano, ndoano na meno ni vyuma vilevile vya siku zote, na hata sindano yake ni ya kipimo kilekile cha 15x1 kinachotumika kwenye cherehani ya Bibi, kiasi kwamba pakiti moja ya sindano inazitosha zote mbili. Tofauti imo katika amri. Mota moja inaendesha shafti kuu, na mota ndogo za hatua, zinazozunguka kidogo kidogo kwa amri, zinaisogeza sindano kushoto na kulia na kuamua urefu wa kila stichi, zikisikiliza bodi moja inayosoma mahali shafti ilipo kwa kutumia sensa ya mwanga. Kwa njia hiyo cherehani inashona zigizaga, inatengeneza tundu la kifungo kwa amri moja, inasimama sindano ikiwa juu au chini kama unavyotaka, na inashona polepole kabisa bila kupoteza nguvu ya kutoboa. Singer yenyewe ndiyo iliyotoa cherehani ya kwanza ya kielektroniki ya nyumbani, Athena 2000, mwaka 1975, miaka mitano kabla ya kiwanda cha Clydebank kufungwa, na watu walioinunua hawakudanganywa: ilifanya mambo ambayo cherehani ya Bibi haitayafanya kamwe.

Kuhusu ugonjwa: fyuzi ya kioo imeungua hadi kioo kimekuwa cheusi, varista iliyowekwa kulinda mlango wa umeme imepasuka katikati, na kapasita kubwa ya volti 400, inayohifadhi umeme kwa muda, imevimba kichwani. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa, yaani kugeuzwa upite upande mmoja tu, hufikia takriban volti 325 kwenye kapasita hiyo, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kuvumilia kishindo haikuwa kubwa. Transista ya kukatia umeme nayo imeshikana miguu yote. Haya yote ninayajua na vipuri vyake vinapatikana. Nimeandika orodha.

Jumamosi, 27 Julai

Nimezunguka madukani kutwa nzima, na siku hii nataka kuieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo nilipoanza kuelewa kile nilichokuwa nakitafuta.

Kwa cherehani ya Bibi nilihitaji kasha jipya la bobini, kwa kuwa la zamani lina ufa, pamoja na bobini sita, springi ya kikaza uzi, pakiti ya sindano namba 14 na chupa ya mafuta. Niliingia duka la kwanza la vifaa vya ushonaji na kumwamkia mzee mwenye duka, nikaliweka kasha lenye ufa juu ya kaunta. Hakuniuliza ni cherehani ya kampuni gani, ya mwaka gani wala ya nchi gani. Aliligeuza mara moja, akafungua droo, akatoa jipya lililotengenezwa China, akabonyeza bobini ndani yake na kunikabidhi. Nilipofika nyumbani liliingia mahali pake kana kwamba lilikatwa kwa ajili ya ndoano ile iliyotengenezwa Uskoti miaka sabini iliyopita.

Sababu yake ni historia. Muundo wa cherehani za kundi la 15 ulipoishiwa na ulinzi wa hataza (haki ya mvumbuzi peke yake), kila aliyetaka aliunakili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani vilikubaliana kutengeneza vichwa vya cherehani vya kipimo kimoja vinavyofuata muundo huo, ili kipuri cha kiwanda kimoja kiingie kwenye cherehani ya kiwanda kingine. India na China zilifanya vivyo hivyo, na cherehani ya Butterfly ya Shanghai, ambayo mafundi wengi wa mwambao huu wamekaa mbele yake maisha yao yote, ni ndugu wa damu wa 15K. Hivyo kiwanda cha Clydebank kilipofungwa hakikwenda kaburini na maarifa yake. Maarifa yalikuwa yamekwisha kutoka, yamo katika droo ya yule mzee, na yamo katika vidole vyake vilivyolitambua kasha kabla ya macho.

Kwa cherehani ya pili nilinunua fyuzi, varista, kapasita na transista kwa fundi mwenzangu. Kisha, kwa tahadhari, niliuliza kwa simu bei ya bodi nzima kutoka kwa wakala wa mtengenezaji. Nilijibiwa kwa adabu kwamba bodi huuzwa nzima na huagizwa nje, kwamba bei yake inakaribia theluthi mbili za bei ya cherehani mpya, na kwamba kwa toleo la 2018 hawana hakika kama bado inatengenezwa. Cherehani hiyo ina umri wa miaka sita.

Ufaransa, tangu Januari 2021, imewataka wauzaji wa baadhi ya vifaa kuonyesha alama inayomweleza mnunuzi kifaa kinatengenezeka kwa kiasi gani kikiharibika. Walianza na simu za mkononi, kompyuta za mapajani, televisheni, mashine za kufulia na za kukatia majani, cherehani haikuwamo. Laiti ningeiona alama kama hiyo kwenye boksi siku ile ya mwaka 2018.

Jumamosi, 3 Agosti

Mkanda. Ule wa zamani ulikuwa umekauka na kupasuka kila ulipokunjwa. Fundi viatu wa jirani amenikatia ukanda wa ngozi wenye unene wa milimita tano na urefu unaopita kidogo mita 1.8, akauviringisha na kuupaka mafuta, nami nikauunganisha kwa kipande cha waya kilichopita kwenye tundu mbili na kufinywa kwa koleo. Ngozi mpya hurefuka, kwa hiyo nimeacha nafasi ya kuukata tena baada ya wiki moja.

Nilipima magurudumu kwa utepe wa kushonea. Lile la chini lina kipenyo cha sentimita 31 mahali mkanda unapopita, na mfereji wa gurudumu la juu una sentimita 7, hivyo kila mzunguko mmoja wa miguu unaizungusha shafti mara nne na zaidi kidogo. Mtu akikanyaga mara sitini kwa dakika anapata stichi zipatazo 265 kwa dakika hiyo, bila umeme, bila kelele ya kumwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili.

Kosa la leo ni langu. Baada ya kusafisha gurudumu la mkono nilirudisha kila kitu, na nikakuta kwamba hata nikiilegeza parafujo kubwa ya katikati, sindano bado inapanda na kushuka wakati ninapojaza uzi kwenye bobini. Nilihangaika kwa saa moja na nusu. Kumbe washa, yaani kisahani cha chuma, iliyo chini ya parafujo hiyo, yenye vijisikio vitatu, ina namna mbili za kukaa, na mimi niliiweka kinyume. Nilipoigeuza nusu duara, gurudumu likajitenga na shafti kama inavyotakiwa. Naandika hili kwa kirefu kwa faida ya atakayefuata, maana dalili yake humfanya mtu adhani shafti imeharibika.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeweka vipuri vipya kwenye bodi, nikawasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo ili isiungue tena kama kuna kosa. Balbu iliwaka ikafifia, dalili njema. Nimepima volti 24 kwa ajili ya mota na volti 5 kwa ajili ya ubongo wa bodi, zote zikiwa thabiti. Skrini imewaka kwa mara ya kwanza tangu Machi, na nakiri kwamba nilimwita Mama kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kisha cherehani ikalia mara tatu na kuonyesha msimbo wa hitilafu wa herufi moja na tarakimu mbili.

Kitabu cha mtumiaji kinasema juu ya msimbo huo: mpelekee wakala. Nimekagua sensa ya mwanga kwa multimita huku nikizungusha shafti kwa mkono, nayo inahesabu vizuri. Nimepima mota za hatua, nazo zina ukinzani uleule kila upande. Waya zote zimeshika. Inabaki chipu inayoendesha mota, ambayo maandishi ya mgongoni mwake yamekwaruzwa kiwandani ili isijulikane ni ya aina gani, au mikrokontrola yenyewe, yaani chipu iliyo ubongo wa bodi, ambayo programu yake siwezi kuisoma wala kuinakili. Mchoro wa saketi hautolewi kwa mafundi wa nje.

Nimefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini na nimewahi kufufua bodi zilizozama kwenye maji ya bahari. Kushindwa hakunitishi. Kinachoniuma leo ni kushindwa kwa sababu mtu fulani alikaa mezani na kuamua kuyafuta maandishi yale kwa msasa. Mwanga wa skrini, sensa na mota si kosa la mtu. Kuyafuta maandishi ni uamuzi, na uamuzi huo haukuwa na ulazima wowote wa kielektroniki: redio za transista za miaka ya 1960 na 1970 zilikuja na mchoro wake umebandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma, nami nilijifunza kazi kwa kusoma michoro hiyo nikiwa mtoto.

Jumamosi, 17 Agosti

Sikugusa chombo chochote leo. Nilikaa na Mama barazani, na mazungumzo yake yanastahili kuwamo humu kwa kuwa yamenisahihisha.

Nilimwambia kwamba nilipokuwa mdogo nililala kwa sauti ya cherehani hii, na kwamba hakuna sauti ya nyumbani ninayoikumbuka kwa upendo kama hiyo. Alisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, ninyi mnaikumbuka sauti yake. Mimi naikumbuka miguu ya mama yangu ilivyokuwa ikivimba." Alinieleza jinsi Desemba na Januari, kabla ya shule kufunguliwa, Bibi alivyokuwa akishona sare hadi usiku wa manane kwa mwanga wa karabai, na jinsi yeye, akiwa binti wa miaka kumi, alivyokaa chini akimkanda magoti kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Alisema kwamba cherehani ya umeme ilipoingia nyumbani alishukuru Mungu, na kwamba pasi ya mkaa, ile yenye jogoo wa shaba mbele, iliwahi kudondosha cheche na kumuunguzia nguo ya mteja, hivyo hana hamu nayo hata chembe. Hata kinu na mchi, alisema, mwenye kuvitamani ni yule asiyetwanga.

Nilimuuliza kama basi ninapoteza muda kwa mradi huu. Alifikiri kwa kitambo. Akasema kwamba kuna jambo moja analolikosa, nalo ni kwamba Bibi hakuwahi kumwita fundi. Cherehani ikisumbua aliinamisha sikio, akasema "uzi umeshika huku" au "imekosa mafuta kule", akachukua bisibisi ndogo iliyokaa daima kwenye droo ya kushoto, na baada ya kikombe kimoja cha chai kazi iliendelea. "Alikuwa mwenye nyumba katika chombo chake," alisema. "Ile ya skrini, mimi ni mpangaji."

Bisibisi hiyo nimeikuta. Ipo droo ya kushoto mpaka leo, mpini wake wa mti umelika mahali dole gumba lilipokaa.

Jumamosi, 24 Agosti

Stichi za kwanza. Nimeweka sindano mpya, upande wake bapa ukielekea upande ndoano inapopita, na nimeingiza uzi kutoka upande wenye mfereji mrefu. Kasha la bobini nimelining'iniza kwa uzi wake: likibaki limesimama, na ukiustua uzi kidogo likashuka kidogo, basi mkazo wa chini umekaa sawa. Limefanya hivyo baada ya kuigeuza parafujo yake ndogo robo mzunguko.

Kitambaa cha majaribio kilitoka kizuri juu, lakini chini kilijaa vitanzi vilivyolegea. Wengi wakiona fujo chini huilaumu bobini, ilhali vitanzi vya chini humaanisha uzi wa juu haukazwi. Sindano ikishafika chini hupanda milimita mbili hivi, uzi ukabaki nyuma na kufanya kitanzi. Ndoano hukidaka, hukizungusha kasha lote, na ni mkono wa kuvuta uzi ndio unaokivuta kirudi juu kifunge fundo katikati ya kitambaa. Uzi wa juu usipokazwa, kitanzi hakirudi. Nikafungua visahani vya kikaza uzi. Katikati yake kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu, urefu wa ukucha, kilichovizuia visishikane.

Mama amekitambua. Ni uzi wa gauni la mwisho alilolishona Bibi, ambalo hakulimaliza. Nimekiweka kwenye bahasha pamoja na bisibisi, nimevifuta visahani, nimerudisha springi mpya na kukaza namba hadi nne. Stichi zimelala sawa juu na chini, kumi na mbili kwa inchi.

Cherehani hii hairudi nyuma na haijui zigizaga. Kufunga mwisho wa mshono ni lazima ugeuze kitambaa au ufunge uzi kwa mkono. Tundu za vifungo Mama atazishona kwa mkono vilevile, au atasubiri.

Jumamosi, 31 Agosti

Mkanda umerefuka, nimeukata sentimita mbili. Mbao iliyovimba nimeipiga randa na kuipaka vanishi. Bodi ya cherehani ya pili nimeifunga kwenye mfuko mkavu pamoja na karatasi yenye vipimo vyote nilivyochukua, na nimewaomba mafundi wenzangu wa Tanga, Muheza na Korogwe wanijulishe wakiona cherehani ya toleo hilo iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, ili bodi yake iihuishe hii. Mama bado anaitaka kwa ajili ya tundu za vifungo, na ana haki ya kuitaka.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo shangazi yangu ameleta doti ya kanga, mpya, bado imeungana kama ilivyotoka dukani. Mama ameikata katikati, akakunja ukingo kwa kucha, akaketi. Nilijiandaa kumkumbusha kwamba gurudumu la mkono huanzishwa kwa kulivuta upande wa mshonaji, maana likianza kinyume uzi hukatika. Hakunipa nafasi. Mkono wake wa kulia ulilivuta gurudumu kabla miguu haijagusa kanyagio, na kanga ikaanza kupita.

Amepinda kingo nne bila uzi kukatika. Kwenye ukingo wa tatu alisimama, akainamisha sikio, akaninyooshea mkono bila kugeuka, nami nikampa mafuta. Alitia tone moja kwenye tundu lililo juu ya mti wa sindano, mahali nilipokuwa nimesahau, akaendelea.

Alipomaliza aliniambia niisogeze meza hadi kwenye dirisha la mashariki, na nimtafutie kiti kirefu kidogo kuliko hiki kwa ajili ya magoti yake. Kesho asubuhi nitakwenda kwa seremala.